HESABU YA SAFARI ZA WATU MJINI
(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja mbele ya mkutano wa Chama)



Nimeombwa niseme machache juu ya elimu ya kuchunguza jinsi watu wanavyosafiri mjini. Huenda mtu akasema, Hiyo ni kazi ya mainjinia, sisi makarani yatuhusu nini? Yatuhusu sana, kwa kuwa mwanzo wake ni daftari na kalamu.

Mwaka 1955 ilianzishwa huko Chicago, Marekani, kazi kubwa ya kuchunguza safari za mji ule, chini ya Bwana J. Douglas Carroll. Watu waliulizwa majumbani mwao walikokwenda, na kwa chombo gani. Kwa majibu kama hayo wataalamu hufuata maswali manne. La kwanza, kila mtaa hutoa safari ngapi? La pili, safari hizo zaelekea wapi? La tatu, watu hutumia chombo gani? La nne, hupita njia ipi? Mwisho hupatikana mfano wa mji katika tarakimu, na kwa mfano huo huweza kukadiria mambo yatakavyokuwa barabara mpya ikijengwa.

Lakini mfano hauwezi kuwa mwema kuliko daftari lililouzaa. Huko Nairobi matatu ni mali ya watu binafsi, na kwa miaka mingi ramani kamili ya njia zake haikuwako. Ndipo tangu mwaka 2012 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakisaidiana na wataalamu wa Marekani, walipopanda matatu, simu mkononi, wakaandika vituo. Ramani ilitolewa mwaka 2014, nayo ilikuwa na njia zipatazo 130. Yaliyokuwa vichwani mwa makondakta na abiria yakawa elimu ya wote.

Sasa iko hatari moja. Hesabu nyingi za zamani ziliandika magari na abiria wake, zikawaacha waendao kwa miguu. Mama aendaye sokoni, mtoto aendaye shuleni, kibarua atokaye alfajiri: wasipoandikwa, katika mfano ule hawapo. Na asiyekuwapo hajengewi njia ya miguu wala kivuko. Hupita ukingoni, na magari humgonga. Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naona hata roho ya mtu hupotea vivyo hivyo.

Basi, ndugu zangu, karani atumwaye kusimama njia panda na kuhesabu wapitao asiidharau kazi ile. Akichoshwa na jua, akajaza karatasi kwa kubahatisha chini ya mwembe, uongo wake utajengwa kwa lami na saruji, na wanawe ndio watakaoupita. Tena akiona karatasi haina mahali pa waendao kwa miguu, na amwulize mkubwa wake kwa adabu, Bwana, hawa niwaandike wapi?