Mianga Isiyokuwapo: Hotuba Juu ya Sukari na Kifafa cha Macho



Leo twapenda kunena juu ya maradhi yaonekanayo machoni, hali macho yenyewe hayana dosari. Mtu ameketi mezani akiandika. Ghafula huona upande mmoja mianga ya rangi ikimetameta na kuzunguka. Hudumu sekunde au dakika chache, hutoweka, kisha hurudi tena na tena. Wengine upande huo huwa giza, hata mstari wa barua huusoma nusu tu. Mara nyingine kichwa hugeuka chenyewe, na mwisho mwili wote hutikisika.

Sababu yake ni nini? Sehemu ya ubongo iliyo kisogoni ndiyo ipokeayo habari za macho. Ya kuume hupokea yaliyo kushoto, na ya kushoto yaliyo kuume. Sukari ikizidi mno katika damu, maji ya mwili hupotea kwa mkojo, ubongo hutaabika, na sehemu hiyo huweza kushtuka bila kuamriwa. Basi mianga ile ni kifafa cha sehemu moja ya ubongo. Si pepo, wala si uchawi, wala si ulevi.

Lililo kubwa ni hili: huenda mgonjwa hajui kabisa ya kuwa ana kisukari, na mianga hiyo ikawa ndiyo barua ya kwanza kumfikia. Yafaa aulizwe habari za kiu, mkojo mwingi na kukonda, kisha apimwe tone la damu. Kipimo cha milimoli 11.1 kwa lita au zaidi, pamoja na dalili hizo, ni alama ya kisukari.

Dawa za kifafa peke yake mara nyingi hazifui dafu maadamu sukari haijashuka. Tena mojawapo, fenitoini, huweza kuizidisha. Kinachofaa ni maji na insulini kwa mkono wa daktari, dawa iliyotumiwa kwa mgonjwa mara ya kwanza mjini Toronto mwaka 1922. Sukari ikirudi kiasi chake, kwa wengi mianga hukoma.

Lakini sukari ikipungua mno nayo huleta kifafa. Kwa hiyo tupime, tusibahatishe. Aangukaye tumlaze ubavu, wala tusimtie kitu kinywani.

Ndugu zetu, tusimwandikie mwenzetu neno "mlevi" katika faili lake kabla damu yake haijapimwa. Neno la faili halifutiki upesi, na siku zipotezwazo kwa kumshuku huweza kumgharimu uhai.