Mzigo wa Safari ya Mbali

Kwa dakika hizi chache nataka tuzungumze juu ya begi. Najua wako watakaosema, "Leo Mchungaji amekosa neno." Lakini vijana wetu wengi wa Pwani wanakwenda kufanya kazi Saudia, Qatar na nchi nyingine za Ghuba, kwa mkataba wa miaka miwili, na wengi hunijia kuomba sala siku ile ambayo begi limekwisha kufungwa. Ningependa waje kabla halijafungwa.

Sisi tukaao Lamu tunacho kipimo cha mzigo ambacho watu wa bara hawana. Katika mji wetu wa kale vichochoro ni vyembamba, wala hakuna teksi ya kuja mlangoni. Begi hutoka nyumbani kwa bega, au kwa punda, au kwa mkokoteni wa hamali, mpaka gatini. Hapo lishushwe ngazi, litiwe mashuani. Na maji yakiwa yamekupwa, ngazi ile ni ndefu tena ina utelezi. Mokowe lipandishwe tena, liingie basini, lipite Witu, Garsen na Malindi, lishushwe Mombasa. Hata ndege hujaiona bado, nawe umekwisha kulinyanyua mara sita au saba. Likikushinda hapa gatini, ambapo wapwa zako wapo wa kukupokea, je, huko uendako?

Wazee wa visiwa hivi walilijua jambo hili. Majahazi ya Arabuni yalikuja na kaskazi, tangu Desemba, yakarudi na kusi yamepakia boriti za mikoko, mpaka serikali ilipokataza boriti kupelekwa nje mwaka 1982. Baharia alikuwa na sanduku lake moja: nguo zake, na vitu kidogo vya kuuza bandarini kwa faida yake mwenyewe. Mwaustralia mmoja, Alan Villiers, alisafiri kwa jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939, wakapita hapa kwetu Lamu, naye akaandika kitabu juu ya safari ile. Abiria walikaa juu ya sitaha, kila mtu na furushi lake, wakila na kulala papo hapo kwa majuma mengi. Nafasi ilikuwa ya shehena. Binadamu alipewa iliyobaki.

Katika Kanisa letu la Anglikana tunamkumbuka pia Askofu James Hannington, aliyeondoka Rabai Julai 1885 kwenda Uganda na wapagazi wapatao 200, akauawa Busoga mwezi wa Oktoba. Katika misafara ya siku zile mpagazi alibeba yapata frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Simlaumu askofu. Katika njia ile hapakuwa na duka, na vitambaa na shanga ndizo zilizokuwa fedha. Lakini kila alichokiona cha lazima kilikaa juu ya kichwa cha mtu mwingine. Hata leo mashirika mengi ya ndege hayapokei begi moja lipitalo kilo 32, hata ukitaka kulipia, kwa sababu wako watu wanaolinyanyua kwa migongo yao.

Basi, Maandiko yasemaje? Wengi hukimbilia Luka sura ya tisa, ambapo Bwana aliwakataza wanafunzi wasichukue mkoba wala mkate wala kanzu ya pili. Lakini endelea kusoma mpaka sura ya ishirini na mbili: huko anawaambia kwamba sasa mwenye mkoba na auchukue. Safari hazifanani. Naye Paulo, aliyezunguka nchi nyingi kuliko sisi sote, anamwandikia Timotheo kutoka kifungoni amletee joho alilomwachia Karpo huko Troa, na vitabu vyake, hasa vile vya ngozi. Tena afanye bidii kuja kabla ya wakati wa baridi. Mtu yule aliweza kuacha karibu kila kitu. Joho alilihitaji.

Nanyi mnaokwenda Riyadh, chukueni sweta. Watu hudhani Uarabuni ni joto tu, lakini usiku wa Januari huko una baridi kali, na nyumba nyingi zina mashine za kupoza hewa. Nguo tatu au nne za heshima, zinazofulika na kukauka upesi, zatosha. Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita au zaidi. Tolea nakala pasipoti, mkataba na tiketi. Seti moja uwe nayo, nyingine ibaki kwa mzazi, kwa maana wako waajiri wanaozichukua pasipoti za wafanyakazi na kuzifungia. Namba ya nyumbani na ya ubalozi wa Kenya ziandike karatasini, na ukiweza zikariri, kwa kuwa simu nayo yaweza kuchukuliwa. Dawa zikae katika pakiti zake pamoja na barua ya daktari; dawa nyingine za maumivu, kama tramadoli, ni hatari kuingia nazo kule bila idhini.

Hivi karibuni nilikuwapo katika nyumba moja ya washiriki wetu, mtaa wa Langoni, mama mmoja kijana akifungasha kwenda Jiddah. Ana mtoto wa kiume wa miaka minne, ambaye angebaki na bibi yake. Mashangazi walikuwa wamekuja na upendo wao wote: unga wa ugali kilo tano, samaki wakavu, blanketi zito, sufuria. Walipolipeleka begi dukani kulipima, mizani ilisema kilo 38. Tiketi iliruhusu 30. Kukawa na maneno juu ya sufuria ile kuliko ninavyoweza kuwaeleza redioni.

Kisha akaja jirani na kifurushi kilichoshonwa kwa uzi pande zote. "Mwanangu, mpelekee ndugu yangu, ni kahawa tu." Yule mama akajibu kwa adabu, "Shikamoo, mama. Nitakipeleka, lakini naomba tukifumue kwanza nione." Nyumba nzima ilinyamaza. Kwetu kumfumulia mtu mzima kifurushi chake ni kama kumwita mwongo. Jirani akakichukua, akaondoka bila kuaga, na bibi wa nyumba akaona haya sana. Mpaka leo sijui kilikuwa na nini. Yaweza kuwa kahawa kweli. Lakini hata miraa, ambayo hapa huuzwa hadharani gatini, kule Saudia, Oman na Emirati ni dawa ya kulevya, na kwa wanaoingiza dawa za kulevya sheria ya Saudia ina hata adhabu ya kifo. Hakimu wa huko hatauliza ulitumwa na nani. Nilimwambia bibi kwamba binti yake hakukosa adabu, na kwamba kesho yake nitakwenda mwenyewe kwa jirani yule. Nilikwenda; tulikunywa chai, hatukukitaja kifurushi.

Usiku ule begi lilifunguliwa tena. Sufuria ikatoka, na blanketi, na unga wote ila kilo moja ya kumridhisha shangazi mkubwa. Likabaki na kilo 19. Ndipo yule mama akaenda kitandani mwa mwanawe akarudi na fulana aliyoivua mtoto jioni ile. Bibi akanyosha mkono akitaka aifue kwanza. Akamwambia, "Hapana, mama, iache hivyo hivyo," akaikunja, akaitia katika mkoba wa mkononi pamoja na pasipoti.

Mashua iliondoka alfajiri. Tuwaombee walio safarini, na watoto waliobaki kwa bibi zao. Kwaherini.