Ungo na Kichwa Chake

Ndugu zetu, leo tuzungumze juu ya ungo wa televisheni. Wengi wetu tunadhani ungo ndio unaopokea picha. Sivyo. Kazi ya ungo ni kukusanya tu. Mawimbi yanatoka kwenye setilaiti iliyo juu ya Ikweta, umbali wa kilomita 36,000 hivi. Yakitufikia yamekwisha kuwa hafifu mno. Ungo huyarudisha yote mahali pamoja, mbele yake. Hapo ndipo kinapokaa kile kichwa ambacho mafundi hukiita LNB, nacho ndicho kinachopokea.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo fedha zetu zinapopotea. Kichwa kikikaa mbele mno au nyuma mno, mawimbi hayakutani mdomoni mwake. Hata ungo uwe mkubwa kama mlango wa ghala, picha itakatika-katika. Kwa ule ungo mkubwa wa mviringo, wenye kichwa katikati, tunaweza kupima wenyewe. Vuta kamba toka ukingo hadi ukingo, ipite katikati. Tuseme tumepata sentimita 180. Kisha pima kina, toka kwenye kamba hadi katikati ya ungo. Tuseme ni 30. Zidisha 180 kwa 180, ni 32,400. Zidisha 30 kwa 16, ni 480. Gawanya: 67 na nusu. Basi mdomo wa kichwa ukae sentimita 67 na nusu toka katikati ya ungo. Kamba na kalamu tu, jamani! Fundi akikataa kupima, mwulizeni sababu.

Ule ungo mdogo wa siku hizi hauna hesabu hii. Kichwa chake hukaa chini, kwenye mkono, ili kisizibe mawimbi. Mkono usipindwe, basi.

Tena kichwa sharti kiuone ungo wote, wala kisipitilize. Kikiona katikati peke yake, ukingo tumeununua bure. Kikipitiliza, kinapokea joto la ardhi iliyo nyuma, na kwake joto hilo ni kelele. Ndiyo maana kichwa cha ungo mmoja huenda kisiufae mwingine.

Mkiuziwa ungo mkubwa uliokwisha tumika, kabla ya kutoa fedha fungeni kamba mbili zikatishane katikati, zote ukingoni. Zikigusana kidogo tu, ungo ni mzima. Zikiachana au zikisukumana, ungo umepinda, mwachieni mwenyewe.