Kushusha Mlingoti wa Antena

Msikilizaji wa Kitengela, ule mlingoti wa antena pale nyumbani umeliwa na kutu, na upepo wa nyanda za Athi na Kapiti hauna huruma. Kabla ya kuushusha, tazama juu. Ukiangukia upande wowote, utagusa nyaya za stima? Laini nyingi zina volti 11,000 au 33,000, wala hazijavikwa plastiki. Zikiwa karibu, usiuguse. Pigia Kenya Power, 97771. Zikiwa mbali, ngojeni upepo utulie. Wawili washike bomba la mlingoti. Wa tatu alegeze polepole waya wa nyuma unaoushikilia mlingoti, maana ndio unaoulaza. Asiukate! Watoto wakae mbali. Bomba lililotoboka, tafadhali, lisirudishwe juu.