Madoa meupe kwenye parishoki nyeusi
(Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa lavaji, Butembo na Beni)

 

Tuliombwa tuseme juu ya ile gari. Wote munaijua: RAV4 iliyoletwa Beni ioshwe na kupakwa polishi juu ya harusi. Rangi ilingaa vizuri sana. Lakini parishoki, na zile plastiki nyeusi zinazozunguka magurudumu, zilitoka na mistari meupe sawa vile mutu amemwaga unga wa muhogo. Kijana wetu akaogopa. Akakimbia kwa kadafi, akanunua chupa ya esansi, akasugua kwa nguvu. Weupe uliondoka, kweli. Ilipokauka, plastiki ilikuwa imepauka, kijivu kijivu, na hapo hakuna tena kurudi nyuma. Sanduku la mutuali lilitoa dola 45. Ile pesa ilikuwa imewekwa kwa mabati ya mama mumoja aliyerudi kwake na kukuta nyumba haina paa. Mabati yangali yanangoja.

Hatukuja kumuhukumu kijana. Sisi wakubwa tulimupa polishi mukononi bila kumuonyesha kitu.

Basi musikilize. Ile doa nyeupe haiko rangi iliyoharibika. Ni polishi yenyewe. Polishi iko na unga laini sana wa kusugulia, na nyingine ziko na nta na mafuta. Kwenye bati lililopakwa rangi inateleza na kupanguswa. Plastiki nyeusi isiyopakwa rangi haiko laini. Muipapase, ni kama ngozi ya chungwa, iko na vishimo vidogo vidogo. Polishi inaingia mule, maji yake yanakauka, unga unabaki. Ukipitisha kitambaa kikavu unaushindilia zaidi. Njo maana munasugua saa nzima na doa haisikii.

Kwa hiyo dawa ni kuutoa mule ndani. Muanze na maji ya moto kidogo na sabuni ya kuoshea gari, na burosi laini. Burosi ya meno iliyozeeka inafaa sana. Muzungushe polepole, mumwagie maji, mupanguse, muache ikauke. Musiseme imetoka wakati plastiki ingali na maji, juu maji yanaficha weupe. Mara nyingi doa mupya inaishia hapo.

Kama ni nta iliyokaa siku nyingi, mulowanishe kitambaa katika maji ya moto, mukikamue, mukilaze juu ya doa nta ilegee, halafu burosi tena. Ikikataa, kuna karanga. Musicheke! Wamama walicheka pia. Karanga zilizosagwa, bila chumvi wala sukari, mupake kidogo na burosi: mafuta yake yanalegeza nta, na ule ukavu wake unasukuma. Lakini muoshe na sabuni mpaka mafuta yaishe yote. Mukiacha mafuta, gari ikifika tu barabarani vumbi yote itakaa pale, na mwenye gari atarudi na hasira mupya.

Cha mwisho ni alkoli ya famasi, matone machache kwenye kitambaa, na kwanza mujaribu mahali pasipoonekana. Isiguse rangi. Esansi, hapana. Na petroli ya taa, hapana. Tena ni hatari ya moto, na pale Beni kuna wale wanaovuta sigara pembeni ya ndoo, tunawajua.

Afazali zaidi ni polishi isifike pale. Skochi ya karatasi, ile ya wapaka rangi, inabandikwa ukingoni mwa plastiki kabla ya kuanza. Bei yake haiwezi kulingana na dola 45. Kama skochi haiko, mulowanishe plastiki kwanza, na polishi ikigusa muipanguse palepale ingali mbichi. Na musipake juani. Hapa Butembo kuna baridi, munapata dakika za kupumua. Beni jua linakausha kabla hamujageuka. Musukume gari kivulini, hata kama ni kwa jirani.

Jambo moja tulibishana sana kwenye komite. Wengine walitaka kijana akatwe mushahara. Tumekata hivi: doa ikitokea na mutu akaita mukubwa wake mbele ya kufanya kitu, hasara ni ya lavaji yote. Akificha na kutafuta dawa yake mwenyewe, anachangia nusu. Na mwenye gari aonyeshwe doa kabla hajalipa. Yule wa RAV4 alituambia wazi: angeonyeshwa ile mistari meupe, angengoja hata saa mbili.

Posho ijayo tutaleta parishoki moja ya kuokota, tutaichafua na polishi makusudi. Kila mutu aje na burosi yake. Karanga tutaleta sisi.