MALIPO YA USIKU NA AFYA YA MFANYAKAZI



Leo twataka kusema nanyi juu ya kazi za zamu, wiki hii mchana, wiki ijayo usiku. Twajua hospitali haifungwi jua likitua, wala meli haingoji kupambazuke ndipo ipakuliwe. Basi hatusemi kazi ya usiku ikomeshwe. Twasema mwenye kuifanya ajue anatoa nini, na apate haki yake.

Ndani ya mwili wa mwanadamu mna saa. Mabwana watatu wa Marekani, Hall, Rosbash na Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kueleza jinsi iendavyo. Nuru ya mchana ndiyo inayoiongoza. Usiku mwili hujitayarisha kulala, na sukari ya chakula haitumiki vema kama mchana. Mtu wa zamu hula ugali saa nane za usiku, akalala asubuhi jua likiwaka na watoto wakicheza mlangoni. Kabla mwili haujazoea, zamu yake inageuzwa tena.

Haba na haba hujaza kibaba. Kwa mwezi mmoja ni uchovu. Kwa miaka ishirini ni maradhi. Watu wa zamu wameonekana kupatwa zaidi na kisukari na ugonjwa wa moyo. Mwaka 2001 uchunguzi wa wauguzi wa Marekani ulionyesha kwamba waliofanya zamu za usiku miaka 30 au zaidi, hatari yao ya saratani ya matiti ilizidi ya wenzao kwa asilimia 36. Si kila mwenye kukesha ataugua, lakini hatari ipo.

Na malipo je? Sheria ya Ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 yahesabu usiku tangu saa mbili usiku hata saa kumi na mbili asubuhi, na yaamuru nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Asilimia 5 yaweza kulipa nauli, moyo haiununui. Lakini sheria hiyo hiyo yasema jambo ambalo wengi hawalijui: daktari akithibitisha kwamba mfanyakazi hawezi tena kazi ya usiku, asilazimishwe. Mama mjamzito naye asikeshe kazini miezi miwili kabla ya kujifungua.

Basi yatupasa kudai mambo matatu. Kwanza, zamu zifuate mwendo wa saa: asubuhi, kisha alasiri, kisha usiku, zisirudi kinyume. Pili, orodha ya zamu itolewe mapema. Tatu, wenye kukesha wapimwe afya bila malipo, kama utakavyo Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1990.

Mmoja akidai peke yake ataitwa mvivu. Tukidai sote kwa chama chetu cha wafanyakazi, hatuna budi kusikilizwa.