Draiva Isiyojaribiwa: Waandishi wa Michezo ya Kompyuta na Mfumo Uliochelewa, 1994–1997



Nimeombwa nizungumzie msaada anaostahili kupewa mwandishi wa programu na mwenye mfumo anaoutegemea. Nimechukua kisa kimoja tu, cha Microsoft na waandishi wa michezo ya kompyuta, kwa sababu ndani yake nayaona makosa yetu wenyewe.

Tuanzie kwenye DOS, mfumo uliotangulia Windows. Doom ilipotoka Desemba 1993, mwandishi wa mchezo hakumwomba mtu ruhusa. Aliishika kadi ya picha moja kwa moja, akachora nukta zake 320 kwa 200, akaenda kwa kasi aliyoitaka. Bei ya uhuru huo ilikuwa usumbufu. Kumbukumbu ya kawaida iliishia kilobaiti 640, na draiva za kipanya, CD na sauti zote ziligombea humo humo. Wachezaji wengi waliweka flopi maalumu ya kuwashia kompyuta, yenye faili ya CONFIG.SYS iliyokatwakatwa ikabaki mifupa. Kisha mchezo humwuliza mtu: kadi yako ya sauti iko anwani 220? IRQ 5 au 7? DMA 1? Mtoto wa miaka kumi ayajulie wapi hayo? Akikosea, mchezo unaganda au unakuwa bubu, na lawama inamwendea aliyeuandika mchezo, si aliyeunda kadi.

Microsoft ilitaka waandishi hao wahamie Windows, lakini Windows ya wakati ule ilichora kwa mwendo wa kinyonga. Mfumo mpya, uliojulikana kazini kwa jina la Chicago, uliahidiwa ukaahirishwa, ukaja kuingia madukani kwa jina la Windows 95 tarehe 24 Agosti 1995. Huku watu wakisubiri, Septemba 1994 kilitolewa kiraka kiitwacho WinG, cha kuharakisha uchoraji kwenye Windows iliyokuwapo.

Hapo ndipo Simba anapoingia. Krismasi ya 1994 Disney ilikuwa na kitabu cha hadithi cha kompyuta kilichotokana na filamu ya The Lion King, kilichojengwa juu ya WinG. Familia nyingi zilikiwasha kwenye kompyuta mpya za Compaq Presario, ambazo draiva zake za picha hazikuwa zimejaribiwa na WinG. Watoto waliokaa kuwasubiri Simba, Rafiki na Pumbaa, majina yaliyotoka kwetu, wakaoneshwa kioo cha buluu. Kwa hadithi iliyojitangaza duniani kwamba haina matata, matata yalikuwa tele.

WinG yenyewe haikuwa wazo baya. Ilipowashwa mara ya kwanza ilijaribu njia kadhaa za kuchora, ikapima ipi ina kasi kwenye kadi ile, ikaikumbuka. Tatizo ni kwamba kipimo hicho hicho kiliweza kuiangusha draiva dhaifu. Mzazi dukani hakujua WinG ni mnyama gani. Alijua jina lililoandikwa kwenye kasha.

DirectX ilizaliwa baada ya aibu hiyo, ikisukumwa na Alex St. John, Craig Eisler na Eric Engstrom wa Microsoft, waliotaka kumrudishia mwandishi njia fupi ya kuifikia kadi. Toleo la kwanza lilitoka tarehe 30 Septemba 1995, zaidi ya mwezi mmoja baada ya Windows 95. Kwa hiyo kampuni za michezo zikalazimika kuibeba DirectX ndani ya CD zao wenyewe. Mwenye mfumo amechelewa, mzigo kabebeshwa mpangaji.

Kisha ikaja Direct3D, sehemu ya DirectX ya kuchora picha za pande tatu, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Ili kuchora pembetatu moja, mwandishi alitakiwa apange amri na ncha ndani ya bafa kwa muundo maalumu, halafu aikabidhi yote kwa pamoja. Kwenye OpenGL, njia shindani ya kuchora picha hizo, alisema anza, akataja ncha tatu, akasema maliza. Mwishoni mwa 1996 John Carmack, mwandishi mkuu wa Doom na Quake, alitangaza hadharani kwamba hataendelea na Direct3D, na Januari 1997 akatoa GLQuake, Quake inayochorwa kwa OpenGL. Lakini kadi za picha za Voodoo, za kampuni ya 3dfx, hazikuwa na draiva kamili ya OpenGL. 3dfx ikatengeneza MiniGL, yenye kazi zile tu ambazo Quake ilizihitaji. Kipande, lakini kipande kilichofanya kazi siku hiyo. Microsoft ilileta njia nyepesi ya kuchora katika DirectX 5, katikati ya 1997.

Kwangu mimi MiniGL ndiyo iliyokuwa msaada hasa. Nasema hivyo kama mtu aliyewahi kusubiri miezi minne maktaba ya malipo ya kampuni nisiyoitaja. Ilipofika, hata mfano uliokuja nayo haukukubali kuwaka. Ningepewa robo yake mapema, ikiwa imejaribiwa kwenye simu za bei nafuu ambazo wateja wangu wanazo, ningefanya kazi.

Mchana tutagawanyika katika makundi. Nawaomba wale mnaotengeneza maktaba zinazotumiwa na wengine mje na vitu viwili mezani: orodha ya vifaa mlivyozijaribia, na jina la mtu anayepokea simu mambo yakiharibika.